Amosi Hakuimba

Yustina Malunde alikuja Pemba na mumewe, askari wa magereza aliyehamishiwa huku kutoka Shinyanga. Mume alipofariki, yeye alibaki Chake Chake na cherehani yake, akimlea mtoto wao wa pekee, Amosi, aliyezaliwa kiziwi.

Wakristo huku ni wachache, na kanisa lao ni dogo. Amosi alikulia humo akipiga ngoma ya kwaya. Alikuwa haisikii, lakini mtikisiko wake ulimwingia miguuni na kifuani, akaufuata. Kisha akaja mwalimu mpya wa kwaya, Elikana, aliyetaka warekodi video.

"Mama, anatuharibia," alimwambia Yustina. "Kwaya ni masikio."

Ngoma akapewa mwingine. Yustina aliyameza maneno hayo. Kanisa dogo, ukigombana na mmoja umegombana na wote. Amosi naye akaacha kwenda. Jumapili akawa anashinda kibarazani kwa jirani yao, Mzee Ngwali, wakicheza bao.

Msimu wa karafuu ulipofika, Amosi alikwenda kuchuma. Tawi alilokanyaga lilianza kulia. Wenzake chini walipiga kelele, lakini yeye alikuwa amewapa mgongo. Alianguka nalo, akafia njiani wakimpeleka hospitali.

Mzee Ngwali na vijana wa mtaa ndio waliochimba kaburi. Mkewe, Bi Mwanamize, alishinda na Yustina, akimlazimisha anywe walau uji. Mchungaji alikuwa safarini, kwa hiyo mazishi yaliongozwa na Elikana.

Alisoma Ufunuo: umati usiohesabika wa kila taifa na kila lugha, mavazi meupe, matawi ya mitende mikononi, wakimsifu Mungu mbele ya kiti cha enzi. Akafunga Biblia.

"Mama, futa machozi. Leo Amosi amepewa sauti. Yuko kwenye kwaya ya mbinguni, anaimba!"

Watu wakaitikia amina. Yustina akasimama.

"Kwaya gani?"

"Mama, tulia kwanza..."

"Nakuuliza, Elikana. Kwaya gani? Hapa ulimfukuza kwa sababu hasikii. Leo amekufa, ndipo unampa uimbaji? Mwanangu hakuimba! Alipiga ngoma, na ngoma yenyewe ukamnyang'anya!"

Mzee mmoja wa kanisa alimshika mkono amketishe. Bi Mwanamize akamzuia. "Mwacheni. Mfiwa hafundishwi kulia."

"Asiimbe mtu hapa," Yustina alisema. "Leteni ngoma."

Wanakwaya walitazamana. Rahila, mwimbaji wa sauti ya kwanza, akalivua joho lake, akaenda kuichukua ngoma. Yustina hakuwahi kupiga ngoma maishani. Aliipiga vibaya, kwa viganja vyote viwili, kama mtu anayegonga mlango uliofungwa, huku jeneza likishushwa. Elikana alisimama pembeni.

Baada ya wiki mchungaji alirudi, akaja nyumbani. Alimsomea pale Mwanakondoo anapofungua muhuri wa saba, na mbingu yote inanyamaza kama nusu saa.

"Hata kule kuna kimya, mama," alisema taratibu.

"Kimya? Mwanangu alizaliwa nacho, baba mchungaji. Mnampa sauti asiyoijua, mnampa kimya alichokichoka. Mimi nauliza hivi: huyo aliyemuumba kiziwi, atampokea alivyo, au naye atamtaka abadilike kwanza?"

Mchungaji aliifunga Biblia magotini.

"Sijui," alisema.

Yustina alimtazama. Tangu msiba uanze, hilo ndilo neno la kwanza ambalo halikumtia hasira. Akaenda kumletea maji ya kunywa.

Elikana alikuja kuomba radhi mara mbili; mara zote mbili alijibiwa kupitia dirisha. Kanisani Yustina bado anakwenda. Anasali, anapokea meza ya Bwana. Ila kwaya ikianza nyimbo za mbinguni, anajifunga kanga, anatoka, anasimama juani hadi wamalize. Hakuna anayemfuata kumrudisha.