Aliyetoa Ndiye Anayekimbia

Wiki iliyopita nilipishana sokoni na mama mmoja aliyembeba mtoto mwenye kikohozi. Mtoto alikuwa amepakwa kifuani mafuta meusi ya kokwa za mchikichi, yale yanayochanganywa na kafuri, na harufu iliponifikia damu ikanipanda kichwani. Nilisimama katikati ya njia na kichane cha ndizi mkononi, watu wakinisukuma huku na huku, nimekasirika kama mtu aliyetukanwa. Hakuna aliyenikosea siku hiyo. Ni kwamba mafuta hayo tulikuwa tukipakwa masikioni tulipokuwa wasichana, ili yasichubuke tunapobanana vichwa kwenye mchezo wa raga, na kila nikiikumbuka raga nawakumbuka watu wawili ambao sijawasamehe hadi leo. Mmoja wao ni mimi mwenyewe.

Nawaambia mapema, basi, ili tusilaumiane. Anayetaka kusoma juu ya utoto mtamu wa kuoga mvuani na aende kwa jirani. Wangu ulikuwa na mvua pia, lakini niliipokea nikiwa nimekunja uso.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Tulikaa Kabondo, mjini Kisangani, na nyuma ya parokia palikuwa na uwanja wa udongo mwekundu ambao wavulana waliutumia kwa kandanda mpaka saa kumi. Wakiondoka tunaingia sisi, wasichana tisa, pamoja na kocha wetu Asumani, tuliyemwita Tonton, yaani mjomba. Alikuwa mtu wa Maniema, mwembamba juu, mnene wa mapaja, kwa sababu kazi yake ilikuwa toleka: tangu asubuhi hadi alasiri alibeba abiria nyuma ya baiskeli. Wakati wa vita alikimbilia Kampala, akaishi huko miaka mingi, na huko ndiko alikojifunza raga. Aliporudi Kisangani alirudi na mke, mtoto, na mpira mmoja wenye umbo la yai uliokwisha kubabuka ngozi.

Kwa asiyeujua mchezo huu: unaukumbatia mpira na kukimbia nao mbele, lakini ukitaka kumpa mwenzako lazima umtupie aliye nyuma yako. Sisi tuliolelewa na kandanda tuliona huo ni upuuzi, na mimi niliuona kuliko wote. Nilikuwa na mbio kuwashinda wasichana wote wa mtaa na wavulana wengi. Kwa nini nimtafute mtu wa nyuma wakati njia ya mbele iko wazi?

Ila kilichonitoa mapovu hasa ni sheria ya Tonton. Sijawahi kuisikia kwa kocha mwingine yeyote, wala kwa mwalimu, wala kwa mzazi.

"Balle ikianguka chini," alisema siku ya kwanza, akiuinua mpira, "ule aliitupa njo anakimbia tour ya uwanja. Ule alishindwa kushika, anakaa, anapumuzika."

"Mais Tonton, yeye njo aliangusha," nilimwambia, kwa maana nilikuwa nimetoka kumtupia mwenzangu na mwenzangu ameangusha mbele ya macho ya wote.

"Niliona. Kimbia."

Hakueleza zaidi. Tonton Asumani hakuwa mtu wa kueleza. Alikuwa akiegemea baiskeli yake, anachokonoa meno kwa kijiti, na wewe unauzunguka uwanja mbio huku aliyekuponza ameketi kivulini. Nilikuwa nikirudi nyumbani nikibamiza milango. Mama alikuwa akiniambia hasira hasara, nami namjibu moyoni kwamba hasara bora kuliko uonevu.

Aliyekuwa akiniponza ni Riziki. Baba yake alikuwa askari, na yeye alikuja kwa miguu kutoka kambi ya Kapalata, mwendo mrefu, akifika vumbi hadi magotini. Aliongea Lingala zaidi kuliko Kiswahili, na kwa vyovyote aliongea kidogo. Tonton alimweka ubavuni pangu. Kila nilichomtupia kilianguka. Kwa ajili ya Riziki nilizijua kokoto zote za uwanja ule kwa majina, na nilimchukia kwa chuki safi, isiyochanganywa na kitu.

Siku moja, nimechoka hata kuchukia, nilimtazama mikono kabla ya kutupa. Kidole cha kati cha mkono wa kulia kilikuwa kimesimama peke yake. Hakikunjiki. Nilimuuliza, akasema mchi ulimponda alipokuwa anatwanga pondu, majani ya muhogo, zamani, na kwamba hakumwambia mtu kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Kuanzia siku hiyo nilimtupia chini, upande wa kushoto, polepole, na kabla ya kutupa nilimwita jina. Mpira ukakaa. Msidhani nilifanya hivyo kwa upendo. Nilikuwa nimechoka kukimbia tu. Tonton alikuwa ameinama anakaza mnyororo wa baiskeli, nikadhani hajaona lolote.

Wenzangu nao walichoka kama mimi, wakaanza kutazamana mikono. Tukajua nani anapokea juu na nani kifuani, nani anataka aitwe na nani akiitwa anashtuka. Baada ya miezi michache mpira ulikuwa unapita kati yetu bila kugusa chini, na watu waliokuja kutucheka walianza kubaki hadi mwisho. Tonton alinipa ukapteni, na mimi, kama mgema aliyesifiwa, nikaanza kutia maji. Tulizifunga timu zote za wasichana za mji. Zilikuwa tatu, na moja ilikuwa na wachezaji pungufu, kwa hiyo sijivuni sana. Wakati ule nilijivuna, na niliamini kabisa kwamba ni mbio zangu zilizoshinda.

Kisha likaja kombe la mji. Kwenye nusu fainali mvua ilinyesha, na Riziki akaangusha mpira mmoja. Mmoja tu. Nilimtupia vibaya, juu, upande wa kulia, na nilijua hivyo mpira ulipokuwa bado hewani. Lakini watu walikuwa wengi, nami ni kapteni, nikamgeukia mbele yao wote.

"Mikono yako iko ya pondu," nilimwambia. "Rudia kwenu ku camp."

Alijifuta mikono kwenye kaptula, akarudi mahali pake. Mechi tulishinda. Siku ya fainali Tonton aliwapanga wenzangu uwanjani, na mimi akanionyesha mahali pa kuketi, chini, karibu na gurudumu la baiskeli.

"Utaingia wakati utamuomba pardon," alisema.

"Sina kitu ya kumuomba."

"Basi, kaa."

Niliketi kipindi kizima cha kwanza, na nitawaambia jambo ambalo sikumwambia hata padri: niliomba Mungu tufungwe. Mungu hakunisikiliza. Wakati wa mapumziko nilimwendea Riziki, nikamrushia neno la samahani kama mtu anayetupa ganda la muhogo, nikaingia, nikafunga, tukachukua kombe. Wenzangu walicheza ngoma hadi barabarani. Mimi nilikwenda nyumbani nikiwa nimembebea Tonton kinyongo kizito kuliko kombe lenyewe.

Kinyongo hicho kilipata mnunuzi upesi. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja mwenye depo ya sukari na sabuni, ambaye hakuwahi kukanyaga uwanja wetu, lakini baada ya kombe alijikuta ghafla ni rais wa timu. Alituita kwenye ua wa depo yake bila Tonton. Tuliketi juu ya magunia. Tukapewa sucré, soda baridi, kila mtu chupa yake, na likafunguliwa sanduku la viatu vya michezo ambavyo bado vilikuwa na karatasi ndani. Alisema tutakwenda Kinshasa kwa ndege. Alisema timu kama yetu ni aibu kuongozwa na mtu wa toleka. Kisha akainama mbele na sauti ikawa ya asali.

"Bon. Banatoto yangu, museme bila woga. Ule muzee anawatendeaka muzuri?"

Wote walinitazama mimi, na mimi nikasema. Nilisema anatukimbiza kwa makosa ya watu wengine. Nilisema alinikalisha chini siku ya fainali mbele ya mji mzima. Nilisema tunafanya mazoezi kwenye mvua, na tairi ikipasuka sisi ndio tunasukuma baiskeli yake hadi kwa fundi. Nilisema vizuri, kwa mpangilio, na kila neno lilikuwa kweli. Rais alitikisa kichwa kwa huruma kubwa.

"Lakini tunashindaka," Riziki alisema, kwa sauti ndogo.

Rais alicheka, akaagiza apewe sucré ya pili.

"Donc, imeisha," alisema. "Lundi coach mupya anakuja. Samedi hakuna mazoezi. Capitaine, wewe njo utamuambia muzee."

"Oui, Papa Président."

Hapa naomba mniache niseme. Mtu yule alikuwa na simu mkononi na gari getini. Alikuwa na ndevu na watoto wakubwa kunizidi. Na alimtuma msichana wa miaka kumi na minne akamfukuze mtu mzima kazi asiyolipwa, kazi aliyoianza mwenyewe kwa mpira wake mwenyewe. Mtu kama huyo huitwa kiongozi, hukaa viti vya mbele, watu humwinukia. Nimekaa na hasira hii muda mrefu, nimeambiwa na wengi niiache, na siioni sababu.

Sikumwambia Tonton. Alhamisi nilimwona barabarani na abiria nyuma, nikajipenyeza kwenye uchochoro. Ijumaa nilijiambia mwingine atakuwa amekwisha kumwambia asije Jumamosi.

Kocha mpya, aliyekuja Jumatatu, alikuwa mpwa wa Rais, mwenye filimbi shingoni. Sheria yake ilikuwa ile niliyoililia: anayeangusha ndiye anayekimbia. Nilifurahi, haki imekuja Kabondo. Kabla mwezi haujaisha, hakubaki mtu anayetaka mpira. Mwenye nao aliutupa ovyo apate kuuondoa mikononi, na aliye nyuma alijificha mgongoni kwa mwingine asionekane yuko tayari. Riziki alikimbia siku tatu mfululizo, siku ya nne hakuja, na hakuna aliyekwenda Kapalata kumuuliza. Mimi nilibaki nakimbia na mpira peke yangu na kuangushwa peke yangu. Kinshasa hatukuiona. Msimu uliofuata Rais alikuwa rais wa timu ya kandanda ya wavulana. Bibi yangu, mtu wa Kasongo, aliniambia usiache mbachao kwa msala upitao, nikatoka chumbani kabla hajamaliza.

Mwaka jana nilimkuta Tonton Asumani kando ya barabara, anatengeneza baiskeli za watu. Pikipiki zimemmalizia abiria. Alinitambua kabla sijajitaja.

"Mado. Capitaine."

Nilikuwa na maneno niliyoyatayarisha kwa miaka. Nikamwambia nilisema mabaya juu yake kwa Rais.

"Nilisikiaka," alisema, akiendelea kunyoosha waya za gurudumu. "Haukusema uongo. Yote ilikuwa kweli." Alijaribu gurudumu, likazunguka, akalisimamisha kwa kidole. "Kitu moja tu nilitakaka kujua. Ile samedi. Nilifika ku uwanja, nikajaza balle upepo, nikangoja. Nikasema pengine banatoto iko na matanga. Nikangoja mupaka sala ya magaribi. Kisha nikapanda baiskeli nikaenda Kapalata kwa Riziki, nijue kama hamuna shida. Yeye njo aliniambia, akilia. Wewe ulikuwa wapi?"

Hakuuliza kwa ukali. Laiti angenikaripia, ningekuwa na mahali pa kuuweka moto wangu. Nilimjibu sikumbuki, akasema si kitu, na mteja wake akaja kuchukua baiskeli.

Leo nina watu chini yangu kazini, na wanapoharibu ninajikuta natazama kwanza nilichowakabidhi na jinsi nilivyowakabidhi. Hilo nililipata kwake, na sikumwambia. Lakini kumbukumbu ninayo. Jumamosi ile nilikuwa nyumbani tangu asubuhi. Nilikuwa nimefunga mlango, natembea juu ya mkeka kutoka kitandani hadi dirishani na kurudi, nimevaa viatu vipya, nikiangalia visichafuke.