Hodi Isiyo na Mgeni

Baba alipopofuka kwa presha ya macho, kasuku wetu ndiye aliyekuwa bawabu. Nyumba ipo Kilosa, nami hushinda kazini. Baba hujifungia grili kwa ndani na kukaa sebuleni na ndege yule wa kijivu. Aliyeingia uani akiwa mtu wa nyumbani, ndege alipiga mluzi mfupi. Akiwa mgeni, alipiga kelele. Baba alijiweka sawa, akavuta shati, akasubiri salamu. Sikuwahi kumwona akiacha shikamoo ya mtu idondoke, hata ya mtoto apitaye njiani.

Kisha dada yangu akafunga mgahawa wake wa Mikumi na kuhamia Dar. Kasuku wake hakuwa na pa kwenda. Nikasema tumchukue, wetu apate mwenzake.

Nilimweka mgeni chumba cha nyuma hadi nilipohakikisha hapigi chafya na kinyesi chake ni kizuri. Ndipo nikaleta tundu lake sebuleni, pembe ya mbali, nikawa nalisogeza kidogo kidogo. Karanga nilianza kumpa mwenyeji, asije akaona amenyang'anywa nyumba. Hata hivyo alinyamaza. Alimgeuzia mwenzake mgongo na kujinyonyoa kifua mpaka ngozi ikaonekana.

Mama wa jirani alichungulia akacheka. "Mmemletea mke mwenza bila kumwambia! Hata mimi ningenuna."

"Huyu wetu dume, mama."

"Basi ndiyo mbaya zaidi."

Baba hakucheka. Alikuwa anasikiliza mlango.

Kule Mikumi tundu la mgeni lilining'inizwa penye mlango wa jikoni, walipopita akina mama wa mchicha na nyanya. Alikuja na sauti zao. "Hodi humu! Shikamoo!" Sauti ya mwanamke mzima, mwenye haraka na mzigo kichwani. Siku za mwanzo baba aliitika na kuinuka akipapasa ukuta. Mara moja alijikwaa, akachubuka goti. Nikataka kumrudisha ndege chumba cha nyuma.

"Mwache," baba akasema. "Wameanza kuzoeana."

Ni kweli, mwenyeji alikuwa amesogea upande wa mwenzake. Bado hakupiga mluzi wala kelele. Na baba akaacha kuitika hodi.

Alasiri moja nilikuta kikapu nje ya grili: maharage, na kuku aliyefungwa miguu, akitweta kwa kiu. Kitenge kilichofunika maharage nilikijua. Kilikuwa cha shangazi, mdogo wake baba, anayeishi Munisagara. Hatukuwa tumemwona tangu tulipomzika mama.

"Baba, shangazi yuko wapi?"

"Shangazi gani?"

Niliushika mkono wake nikauweka juu ya kitenge. Alikipapasa pindo kwa muda.

"Alipiga hodi," akasema. "Akasema shikamoo, kaka. Nikawaza, leo huyu ndege kajifunza neno jipya."

Shangazi alipokea simu jioni. "Nimepiga hodi mpaka majirani wananishangaa. Namwona kupitia grili, kakaa, uso kanielekezea mimi. Macho hana, lakini masikio si anayo? Kimya. Kama nina kosa, si aniambie?"

Nikamweleza habari ya kasuku.

"Kasuku," akasema. "Mwanangu, mwambie kaka atafute uongo wa kikubwa."

Akakata.

Yule wa Mikumi nimemtafutia watu wengine wa kumfuga. Kifua cha mwenyeji kimeanza kuota manyoya na amepata sauti tena, ila mluzi haukurudi. Anasema hodi humu, shikamoo, kwa sauti ile ile ya mama wa mchicha. Baba huitika zote. "Karibu! Marahaba!" Toka asubuhi, hata wakati wa kula, tonge likiwa mkononi. Nilipomwomba apumzike, alisema afadhali amjibu ndege mara mia kuliko kumkosa mtu mmoja.

Kikapu cha shangazi nimekijaza mchele, hakirudi kitupu. Nilitaka nikipeleke mwenyewe, baba akakataa. Atakwenda yeye, nami nitamshika mkono. Shangazi hapokei tena simu zetu, kwa hiyo hajui kama tunakuja.

"Ukifika utamwambia nini?" nikamuuliza.

"Nitapiga hodi."

"Asipoitika?"

"Nitasimama hapo nje," akasema, "kama alivyosimama yeye."