Mwaka Ambao Baba Mdogo Hakubebwa

Hata leo nikipita karibu na seremala anayeranda mtarakwa, harufu ile hunirudisha kwenye msitu wa Mau, juu ya Njoro, mlangoni pa baba mdogo Kimaiyo, akichonga mizinga ya nyuki. Miguu yake ilikufa tangu utotoni. Alitembea kwa mikono, viganja vimefungwa vipande vya ngozi. Mimi, mtoto wa maswali mengi, niliwahi kumwuliza kama viganja navyo huota sugu kama visigino. Akavifungua nivishike, nijionee mwenyewe.

Miaka ile ya hamsini sisi Waogiek, warina asali wa msituni, tulikuwa bado tunahama kufuata maua na nyuki wake. Yakiisha huku chini tulipanda mlimani kwenye misitu ya mianzi, na kila mara baba alimbeba ndugu yake mgongoni. Nilikuwa msichana wa kama miaka saba nilipomsikia baba akimwambia mama, "Safari hii simbebi."

Nikajua tunamwacha. Sikuuliza, mimi niliyeuliza kila kitu! Jioni ile ile niliiba nusu ya asali yetu kwenye mkoba wa ngozi, nikaificha kibandani mwa baba mdogo, asije akafa njaa tukishaondoka.

Asubuhi mama aliona mkoba umepungua. Nikakiri huku nalia. Baba alicheka mpaka akakaa chini.

"Kimaiyo ametangulia alfajiri," akasema. "Mwenyewe amekataa kubebwa."

Basi tukaichukua asali, tukashika njia. Huko nikaona ajabu: chini, upupu na miiba vilikuwa vimefyekwa safi, lakini matawi ya juu yalimchapa baba usoni kila hatua. Kumbe siku zile za kabla ya safari, baba alipokuwa akipotea kutwa na panga lake, alikuwa akiifyeka njia kwa kimo cha ndugu yake. Mimi nilipita bila mkwaruzo.

Tulimkuta mchana, ameketi kwenye gogo, jasho linamtiririka, uso umejaa furaha. Mama hakunisitiri, alimsimulia kisa chote. Nilingoja naye acheke. Hakucheka.

"Ulidhani wananiacha?"

"Ndiyo, baba mdogo."

"Na wewe ungebaki na mimi?"

Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Akanimegea kipande cha sega, akashuka kwenye gogo, akaendelea na safari yake.

Kwa miaka mingi nilijisifu moyoni kwa asali ile. Nilikuwa tayari mama wa watoto nilipotambua kwamba niliiweka pale ili mimi niweze kuondoka bila kujilaumu.