Nilimwita Jikoni Aje Kutia Sahihi

Admin, naomba jina langu lisionekane, na majina niliyoyaweka humu si yao. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, mama wa watoto wawili. Nilizaliwa bara, lakini Ukunda nimeishi miaka kumi na minne na ndiko kwangu sasa. Ni karani katika ofisi ya mawakili huku Diani. Nimechoka, jamani. Nimechoka hata kusalimiana na watu.

Ofisi yetu si ya kesi za mipaka ya shamba na mbuzi waliokula mahindi. Wateja wetu ni matajiri wenye majumba ya ufuoni. Tunawaandikia wosia, tunawauzia nyumba, tunawashughulikia vibali vya ukaazi, na kuna mmoja tuliwahi hata kumtafutia daktari wa mbwa. Wanalipia huduma, lakini zaidi wanalipia siri. Ndiyo maana wosia ukipelekwa kutiwa sahihi huwa umekunjwa na kubanwa, sisi makarani tunaona ukurasa wa mwisho peke yake. Nimefanya hivyo miaka yote na sikuwahi kuona ubaya wake.

Mmoja wa wateja hao alikuwa mzee mjane wa ufuoni Galu, mkali kidogo, watoto wake wote wako ng'ambo. Aliyemtunza ni mama wa Kidigo, nitamwita Bi Mejumaa. Kwa miaka kumi na saba alimpikia, akamfulia, na mzee alipoanza kuugua akawa anamwogesha na kumsomea gazeti. Mzee alikuwa na kiwanja Bongwe chenye nyumba ndogo, akamwachia Bi Mejumaa aishi humo na mamake ambaye haoni tena.

Siku ya kutia sahihi wosia nilikwenda na bosi wangu. Wosia unataka mashahidi wawili. Mmoja ni mimi, na karani mwenzangu aliyetakiwa kuwa wa pili alishikwa na homa asubuhi ile. Bosi mwenyewe aliwekwa kuwa msimamizi wa mirathi, na kwa desturi ya ofisi msimamizi hawi shahidi. Tulipofika, bosi alibaki bustanini na simu sikioni, anambembeleza mteja mwingine, akaniashiria kwa mkono nimalizane na mzee. Mzee naye anakohoa, anasema, "Upesi, upesi, nataka kulala." Basi nikaenda jikoni.

"Shikamoo, Bi. Hebu njoo mara moja, Mzee anahitaji shahidi."

"Marahaba, mwanangu. Na mikono hii ya unga? Haya, nije. Nitasoma kwanza au vipi?"

"Hapana, Bi, ni kuonyesha tu kwamba umemwona akitia sahihi."

Akanawa, akajifuta kwa leso, akaandika majina yake yote matatu polepole, mwandiko mzuri kuliko wangu. Mzee akamtazama akatabasamu. Bosi aliporudi alitia karatasi kwenye bahasha bila kuitazama, tukaondoka.

Sheria yenyewe naijua hata ukiniamsha usingizini. Anayeachiwa kitu kwenye wosia asiwe shahidi wa wosia huo, maana alichoachiwa kinabatilika, ila wawepo mashahidi wengine wawili mbali na yeye. Sisi tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Nilichokuwa sikijui ni kwamba jina lake lilikuwa mle ndani, kwenye kurasa zilizokunjwa.

Mzee alipofariki, bosi alifungua wosia. Kiwanja cha Bongwe na nyumba yake, vyote ameachiwa Bi Mejumaa. Bosi alisoma mpaka mwisho, akafunga mlango.

"Nani alimwita huyu mama?"

"Ni mimi."

"Sasa sikiza. Watoto wa mzee wanataka kuuza kila kitu. Huyu mama ataambiwa sheria imekataa, basi. Ukianza kumwelezea sana, atatafuta wakili mwingine, na hapo mimi na wewe tumeisha."

Nilirudi mezani kwangu. Watoto wangu wako shule na mshahara wangu ndio tunaoutegemea. Najua bosi naye alikosea, angetazama karatasi ile mara moja tu tungeiandika upya. Lakini aliyekwenda jikoni ni mimi.

Bi Mejumaa aliitwa ofisini akaambiwa sheria imekataa kwa sababu alitia sahihi kama shahidi. Hakulia. Alitoka akakaa kwenye benchi letu la nje, nami nikamfuata na gilasi ya maji.

"Kumbe ni mkono wangu mwenyewe, mwanangu," aliniambia. "Lau nisingalisoma shule, nisingaliweza kuandika, na nyumba ingalikuwa yangu."

Nikamwambia pole. Pole! Ndilo neno pekee nililolipata. Yeye akanishika mkono akasema, "Usihuzunike, wewe ulitumwa tu. Lakini nisaidie jambo moja, maana humu ofisini mtu wangu ni wewe. Niandikie barua kwa watoto wa Mzee, niwaombe radhi kwa kuiharibu karatasi ya baba yao."

Nimejaribu mara nne kuiandika barua hiyo, nashindwa. Mama wa watu anaomba radhi kwa kosa langu, tena ananipa pole mimi.

Sasa bosi ameandaa karatasi nyingine. Inasema Bi Mejumaa anahama Bongwe kwa hiari yake na hamdai mtu chochote, si watoto wa mzee, si ofisi yetu. Akishatia sahihi hiyo, hata wakili mwingine atapata shida kumsaidia. Bosi ameniambia niipeleke mimi Jumatatu, kwa sababu mama yule ananiamini, hataniuliza maswali. Ni kweli. Hataniuliza.

Ndugu zangu mnaosoma, mngekuwa mimi mngefanya nini? Nimwambie ukweli wote, kwamba kosa ni letu, akatafute wakili wake, nami nirudi nyumbani bila kazi? Ama nimpe kalamu, kisha niishije? Msinitukane sana, nimeshajitukana vya kutosha. Nijibuni tu kabla ya Jumatatu.