Niliposema Sitanii

Mwalimu wa Jiografia shuleni kwetu ni Mhehe wa Iringa na mimi ni Mgogo wa Bahi, makabila yaliyo watani tangu mababu, kwa hiyo siku aliyohamia hatukuhitaji kutambulishwa. Aliniuliza kabila langu, nikamtajia, akalikumbatia begi lake kifuani na kuwaambia wenzetu wafunge mikoba yao, ombaomba wameshaingia. Nikamjibu kwamba heri sisi tunaoomba chakula kuliko wao wanaokula mbwa wa watu. Tangu hapo, asubuhi mbwa wa mlinzi asipoonekana getini, namuuliza mtani wangu jana alikula nini. Nimelelewa nikijua kwamba mtani hakasirikiwi, na kwa muda mrefu sikuwahi kumkasirikia.

Baba yangu alimpenda sana. Alikuja Dodoma mjini kutibiwa miguu, akakaa kwangu, na mtani akaja kumsalimu. Alimwamkia shikamoo vizuri kabisa, kisha akamuuliza ni lini atarudisha ng'ombe ambao babu zake waliwaiba. Baba alicheka hadi nikamletea maji. Alipokwisha kurudi Bahi, kila akinipigia simu alikuwa anauliza kwanza, "Mtani wangu hajambo?" Mimi na watoto tuliulizwa baadaye.

Sasa mimi ndiye mwalimu wa taaluma, na mdomo wangu haujui kusubiri. Mama alilisema hilo nikiwa mdogo, mume wangu analisema hadi leo. Siku ya kikao cha matokeo ya majaribio ya kidato cha nne, masomo yote yalikuwa yameshaleta alama isipokuwa Jiografia. Nilikuwa nimemkumbusha ofisini, nikamkumbusha kwa simu, nikamkumbusha tena. Nikamuuliza mbele ya wote alama ziko wapi. Akasimama, akashika kifua kwa masikitiko, akasema karatasi zote zimeliwa na mbuzi wa Wagogo na anasubiri ndugu zangu waje kulipa.

Watu wakacheka. Mimi damu ikanichemka.

Nikamwambia, "Kwako wewe kila kitu mzaha. Kazi mzaha, watoto wa watu mzaha. Wanakaa darasani wanakusubiri, wewe uko huku unachekesha. Mshahara unaopokea ni wa mwalimu, si wa mchekeshaji."

Walicheka zaidi. Mkuu wa shule alivua miwani akafuta macho. Mtani mwenyewe alinipigia makofi, akaanza kufungua mdomo ili anirudishie, na hapo nikasema, "Sitanii."

Sijui kwa nini nililiongeza lile neno. Yale mengine yangepita, yangeenda na vicheko kama yalivyokwenda mengi kabla yake. Mkuu wa shule alivaa tena miwani yake. Mwalimu wa Jiografia alikaa, akafungua daftari lake, na kikao kikaendelea na ajenda ya usafi.

Kesho yake nilikuta alama mezani kwangu, zimepangwa kwa mikondo. Yeye alikuwa ameshaingia darasani. Tulipokutana saa ya chai aliniambia, "Habari za asubuhi, Madam." Alikuwa hajawahi kuniita Madam. Madam ni jina ambalo wanafunzi wananiita, na walimu ambao hatujazoeana.

Kuanzia hapo akawa anawahi. Anafundisha vipindi vyote. Mkuu wa shule aliniita pembeni akanishukuru, akasema yeye alishashindwa na mimi nimemnyoosha kwa siku moja. Nilifurahi, kwa sababu ndicho nilichokitaka, kisha nikarudi mezani nikajikuta siwezi kusahihisha hata karatasi moja. Na wengine alikuwa anataniana nao kama zamani. Nilikuwa nawasikia wakicheka, nikiingia anapunguza sauti na kunisogezea kiti.

Nilimuuliza rafiki yangu anayefundisha Baiolojia kama nilikosea.

"Ulichosema kilikuwa kweli," alisema.

"Sasa tatizo nini?"

"Mimi nitajuaje? Nyie ndio watani."

Nikajaribu njia yetu. Asubuhi moja nikamwambia, "Mtani, mbwa wa mlinzi leo simwoni."

Akatabasamu kwa adabu. "Nitamuulizia mlinzi, Madam."

Nikajaribu njia nyingine. Nilimngoja nje ya darasa nikamwambia siku ile nilizidisha, anisamehe. Sijawahi kumwomba mtani msamaha maishani, sikujua hata nianzie wapi, na maneno yalitoka yamepinda. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hapana, uliongea ukweli. Umenisaidia." Nilimtazama usoni nikitafuta kama ananisema au ananishukuru kwelikweli. Sikuona kitu. Nikaenda zangu nikiwa na hasira, na sikujua hasira yenyewe ni ya nani. Baba aliendelea kuniuliza kwenye simu kama mtani hajambo, na mimi niliendelea kumjibu kwamba hajambo, anakusalimu.

Baba alifariki wakati wa mvua. Walimu wenzangu walikodi Coaster, ikaishia kwenye lami kwa sababu ya matope, wakamalizia kwa bodaboda hadi nyumbani. Shangazi, dada yake baba, alikuwa ameshaniuliza kama kazini kwetu kuna Mhehe. Nilimwambia yupo, yule ambaye baba alikuwa anamtaja. Akafurahi msibani, akawaambia wenzake kwamba mtani wa marehemu anakuja. Kwetu mtani ndiye anayeiga mwendo wa marehemu, ndiye anayeingia kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe kuku. Ndiye anayewafanya wafiwa wacheke wakati hawajui wacheke vipi.

Alifika amevaa suruali nyeusi na shati jeupe lililopigwa pasi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana, Madam." Kisha akakaa kwenye mstari wa wafanyakazi wenzangu, akainamisha kichwa.

Makaburini shangazi alimtuma mtu akamnong'oneze. Nilimwona anasikiliza. Halafu akainua macho akaniangalia mimi, akaendelea kuniangalia, jeneza likiwa pembeni ya kaburi na wanaume wameshashika kamba. Hadi leo sijui kama alikuwa ananiomba ruhusa au ananionyesha nilichokifanya. Labda alikuwa ananihurumia tu, kama mtu yeyote anavyomhurumia mfiwa. Ningemwita mtani tu, nadhani ingetosha. Badala yake nikaangalia chini. Nilipoinua uso udongo ulikuwa umeshaanza kuingia.

Tulimzika baba bila kicheko hata kimoja. Jioni, walimu walipokuwa wameshaondoka, shangazi alikuja kukaa nami kwenye mkeka. Alikuwa amechoka na amekasirika kidogo.

"Yule mwenzako ni Mhehe wa namna gani asiyejua kutania?"

"Anajua, shangazi," nilimwambia. "Mimi ndiye niliyemkataza."