Ngata Chini ya Mzee Hasani

Siku hizi kila kitu semina. Mtu aliyeijua kazi yake kwa mikono huitwa aende mjini Lindi, akapewa kiti na soda, kisha akaambiwa kwamba aliyoyafanya miaka ishirini na minane hayafai. Ndivyo alivyoitwa Romana, mkuu wa wauguzi wa wodi ya wanaume katika hospitali moja ya pwani, mwaka wa tisini na sita.

Romana alifunzwa na masista wa misheni, enzi ambazo shuka lenye kunjo lilikuwa aibu. Ili wagonjwa wasitoke vidonda vya kulala, wauguzi wake aliwafundisha mambo mawili: wamgeuze mgonjwa kila baada ya saa mbili, na wamwekee ngata chini ya makalio, ngata ileile ya kubebea ndoo kichwani, ili mfupa wa kifandugu, ule wa mwisho wa uti wa mgongo, ukae kwenye tundu lake. Semina ikasema ngata inaua: mduara wake hukaba damu pande zote, nyama ya katikati ikafa kwa njaa. Romana alinuna njia nzima ya kurudi.

Alipofika alimfunua Mzee Hasani, mkwezi wa minazi aliyevunjika nyonga. Ngata ilikuwa imeacha duara, na ndani ya duara ngozi imekolea weusi, ya moto, ngumu. Haijachanika. Ilikuwa bado inaokoleka.

Akakusanya ngata zote wodini, za fulana za mitumba, maana hata kanga kuukuu siku hizi ni adimu. Akawaambia wauguzi kwamba alikosea. Walimsikiliza kwa adabu, na kesho yake ngata zilikuwa zimerudi. Akazitoa, zikarudi. Somo la kugeuza walikwisha kulitupa, karatasi ya kitandani ya kuandikia saa za kumgeuza mgonjwa wakiijaza asubuhi kwa siku nzima. Hili la ngata, lisilotaka jasho, ndilo walilolishika.

Siku ya tatu alimkuta Maftaha, muuguzi kijana, akimtilia mzee ngata mpya.

"Nilisemaje, Maftaha?"

"Sista, si wewe uliyenifundisha? Tena ulinichapa mkono kwa kuiviringa vibaya."

Mzee Hasani akacheka, uso ukutani. "Amekufunga kwa kamba yako, binti yangu."

Romana akaichomoa ngata, akaushika mkono wa Maftaha na kuubandika pale penye moto. Kisha wakamgeuza mzee pamoja, polepole, mto katikati ya magoti, naye akisaga meno.

"Sasa tuweke nini?" Maftaha akauliza.

"Hakuna cha kuweka. Saa kumi tunamgeuza tena."

Maftaha akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane, zamu imekwisha, na nyumbani wateja wa maandazi yake wanangoja. Akaaga kwa heshima zote, akaondoka. Wa zamu ya jioni hajafika hata mmoja. Zamu ya Romana nayo ilikuwa imekwisha. Akavuta kigoda hadi kitandani kwa mzee, akakaa kuingoja saa kumi.