Pumzi Katikati ya Neno

Agosti ya 1995, saa nane mchana, jua likiniwakia utosini na akili zangu zote zikiwa mahali pake, nilimsikia mtoto wangu akivuta pumzi.

Mtoto huyo nilikuwa nimemzika miaka mitano kabla.

Alivuta pumzi kwa midomo ya watu arobaini, kule Homa Bay, na hakuna aliyeshtuka ila mimi.

Kabla hujasema nyanya huyu amechanganyikiwa, nipe sikio kidogo. Ninaitwa Bathsheba. Darasa la saba nilimaliza na cheti ninacho, panya wamekula kona moja tu. Kuandika kwa simu nimefundishwa na mjukuu wangu Emmah, kwa hivyo ukiona herufi imeruka, laumu kidole, usilaumu kichwa.

Na mimi sianzi hadithi bila kitendawili. Sema tega basi: mwanangu akila upepo hulia, akinyimwa hunyamaza.

Umeshindwa? Nipe mji.

Haya, nimekula mji wako. Jibu ni pembe.

Hicho alinitegea Mzee Onyango asubuhi ya kwanza alipoingia hoteli yangu pale Migori, karibu na daraja. Hoteli ni jina tu. Ilikuwa mabati, meza tatu, jiko moja na mimi.

Onyango alikuwa mpiga pembe. Si pembe ya ng'ombe, ile ya shaba, iliyojikunja kama mkia wa nguruwe. Aliipiga Nairobi miaka kumi na tisa, katika okestra ya watu wenye tai nyeusi, mpaka lori alilopanda likapinduka na meno yake ya mbele yakabaki barabarani.

Mpiga pembe bila meno ya mbele ni kama mkulima bila jembe.

Basi akarudi nyumbani, akaanza kutunga. Akawa anachukua nyimbo za watu na kuzipanga kwa sauti nne, anazikata kwenye stensili, ile karatasi ya nta, anazichapa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono katika chumba nyuma ya duka la Abdullah. Vijitabu vyake vilienda kila mahali, Karungu, Magunga, Muhuru Bay. Si noti za mikia na mayai, hapana. Zilikuwa do-re-mi za herufi, zile kwaya zetu zinasoma.

Kila asubuhi alikunywa uji kwangu, kwa sababu mandazi yalimshinda. Aliniita nyar Kisii, binti wa Kisii. Mimi nilimwita mzee. Alinitegea, nikamtegea. Hatukuwahi kuulizana habari za nyumbani.

Na hapo ndipo shida ilianzia.

Kwa sababu Migori nzima hakuna aliyejua nilikuwa na mtoto.

Aliitwa Nyamusi. Tuliishi Nyamarambe, mimi na yeye, baba yake Okari akichuna majani chai Kericho. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu kuzaliwa. Nasari alisoma muhula mmoja tu, akarudi na Kiswahili chake kidogo, akawa anaringa nacho kama mwalimu mkuu.

Mimi nikienda shamba au sokoni, alibaki kitandani akijitungia wimbo. Huu:

Mama anakuja, mama anakuja,
na maji, na moto, mama anakuja.

Ule mstari wa mwisho ulimshinda kumaliza kwa pumzi moja. Kwa hivyo alikata neno katikati. Mama ana... akavuta hewa... kuja.

Nilikuwa ninausikia kutoka njiani. Ni mimi tu. Nyumba yetu ilikuwa peke yake juu ya kilima na jirani wa karibu alikuwa kiziwi.

Alikufa mwaka wa 1990, akiwa na miaka saba. Siku hiyo nilikuwa sokoni.

Baada ya mazishi nilifunga mlango, nikahamia Migori mahali hawanijui, na sikuimba tena. Hata kanisani nilikuwa ninachezesha midomo tu.

Sasa rudi Homa Bay.

Tulienda makambi ya kanisa, ibada za wiki nzima, mimi na rafiki yangu Mokeira, muuza nguo. Sabato mchana kwaya moja ikasimama, mgongoni kwao ziwa, harufu ya omena, dagaa wa ziwani, ikipita kati yao. Wakaanza.

Bwana anakuja, Bwana anakuja.

Neno lilikuwa limebadilishwa, lakini wimbo nikaujua kwa magoti kabla ya masikio.

Nikajiambia, nyimbo hufanana. Watoto wote huimba namna moja.

Wakafika mstari wa mwisho. Bwana ana...

Na watu arobaini, wanaume kwa wanawake, wakavuta pumzi pamoja. Katikati ya neno. Pale pale.

...kuja.

Mokeira anasema nilitoa sauti kama mbuzi aliyekanyagwa. Mimi sikumbuki. Ninakumbuka nikiwa kivulini, kitambaa cha maji usoni, na kijitabu mkononi ambacho nilimwomba mama mmoja wa kwaya.

Juu ya karatasi: Wimbo wa kienyeji. Chini: Umepangwa na B. Onyango, Migori.

Na katikati ya lile neno, juu ya herufi, alama ndogo ya mkato. Ile inayomwambia mwimbaji avute pumzi.

Niliporudi Migori, mzee hakuwepo. Alikuwa ameenda Karungu kufundisha kwaya, na angerudi baada ya siku kumi na moja.

Siku kumi na moja hizo sizitakii adui.

Nikipampu jiko la mafuta, lilipumua kama mtoto wangu. Jirani yangu Bichage akizima mashine yake ya kusaga mahindi pale ng'ambo ya barabara, ilikata sauti katikati kama yeye. Mteja akipiga miayo, mimi naangusha kikombe.

Kanisani kwetu tunafundishwa kwamba aliyekufa amelala, hajui kitu, hatembei. Mokeira alinikumbusha hayo kwa ukali, akanishauri nitupe kijitabu mtoni. Nilimwambia ninaamini. Lakini masikio yangu hayakuwa yamebatizwa.

Swali langu lilikuwa moja. Kama hakuna aliyeujua wimbo huo ila mimi na yeye, na mimi sikumwambia mtu, basi aliyempa Onyango ni nani?

Na kama ni yeye, basi hajalala. Basi bado ananingoja. Bado anasema mama anakuja, na mama hajaja.

Siku ya kumi na mbili mzee akaingia, akaketi, akaomba uji. Nilimwekea kikombe, na kijitabu juu ya kikombe.

Nikamuuliza ameutoa wapi.

"Kwako," akasema.

Nilicheka kicheko kibaya. Nikamwambia mimi siimbi, tangu mwaka wa tisini sijaimba, amtafute mwingine wa kumdanganya.

Akaniangalia kama mtu anayetafuta mahali pa kukanyaga kwenye matope.

"Nyar Kisii, unaimba kila asubuhi. Ukitia mikono kwenye unga, unaanza. Ukimaliza kukanda, unaacha."

Nikageuka kumtafuta shahidi wangu, Abdullah, aliyekuwa mlangoni na chai yake ya rangi. Huyo ni mtu wa swala tano, hasemi uongo hata kwa mteja.

Abdullah akaangalia kikombe chake.

"Unaimba, mama," akasema. "Mwaka wa nne sasa."

Nikamwita Bichage kutoka ng'ambo. Akaja na unga kwenye nyusi. Akasema yeye huwa hawashi mashine mpaka nimalize kukanda, watu wa mahindi wakimtukana anasema mkanda umelegea.

Nikawauliza kwa nini hawakuniambia.

Abdullah akaeleza kwamba mwaka wa kwanza mgeni mmoja alinisifu sauti. Nikamuuliza sauti gani, nikamfokea, halafu nikanyamaza wiki mbili nzima.

"Na mandazi ya wiki hizo mbili," akasema Bichage, "tungejengea ukuta."

Basi wakakubaliana. Wanaume wazima, Mjaluo, Mkisii na Mwislamu wa kutoka Garissa, wakakubaliana kwamba nikianza kuimba, mtu aweke kikombe chini polepole.

Nilikaa kwenye gunia la unga.

Onyango hakujua Nyamusi ni nani. Alidhani ni wimbo wa kwetu, wa zamani, wa kila mtu, ndiyo maana akaandika wa kienyeji na akabadilisha Mama kuwa Bwana ili makanisa yauchukue. Kitu kimoja tu ndicho kilimsumbua.

"Mimi ni mtu wa pembe," akasema. "Sisi tunasikia pumzi kabla ya sauti. Wewe una kifua cha fahali, hiyo mistari miwili unaweza kuibeba mara tatu bila kupumua. Lakini pale unakata. Kila siku pale. Nikajua hiyo pumzi si yako. Nikaiandika vile ilivyo, kwa heshima, ya yeyote yule."

"Ni ya Nyamusi," nikasema.

Mara ya kwanza kutaja jina hilo Migori.

Halafu nikawaambia kile sijamwambia hata Okari.

Kwamba siku ile nilikuwa ninarudi kutoka sokoni. Nilipofika kwenye shamba letu la maharagwe nikamsikia. Mama anakuja, mama anakuja. Nikatabasamu. Nikapunguza mwendo, watu wangu, nikapunguza mwendo nimsikilize. Na maji, na moto, mama ana...

Akavuta pumzi.

Nikangoja lile kuja.

Halikuja.

Bichage alitoka nje. Abdullah akasema maneno yao ya msiba, pole pole.

Onyango alisogeza kando uji ulioshika ngozi. Kisha akatoa barua mfukoni. Ilikuwa ya Mwalimu Nyangau, mkubwa wa kwaya zote za upande ule, na ilisema kwamba kupumua katikati ya neno ni aibu mbele ya Mungu na mbele ya Kiswahili, na kwamba kwaya zake hazitachukua chapa ya pili isiporekebishwa. Onyango alikuwa amekubali. Stensili mpya ilikuwa imeshakatwa, pumzi imehamishwa mwisho wa mstari. Angechapa siku hiyo hiyo.

"Nyar Kisii, huu wimbo sasa si wangu," akasema. "Ukisema niuchome, ninauchoma. Ukisema nichape bila pumzi, kwaya zote zitaimba na wewe hutamsikia tena mahali popote. Ukisema niiache, Nyangau atanirudishia vijitabu usoni. Sema wewe."

Nilimwomba anipe muda wa unga kuumuka.

Mwanzoni nilitaka achome. Hiyo ndiyo kweli. Lakini nikiwa pale kwenye gunia nikakumbuka kitu ambacho woga ulikuwa umenificha. Homa Bay, wale watu walipovuta pumzi, moyo wangu ulisimama, kwa sababu pale ndipo ulimwengu wangu uliishia. Na wao hawakuishia pale. Walisema kuja. Watu arobaini wasiomjua walimchukua mtoto wangu katikati ya neno wakamvusha.

Ukiondoa pumzi ile, utavusha nani?

"Acha pumzi," nikasema. "Na rudisha Mama."

Akatoa penseli. Akaniuliza jina kamili, nikamwandikia mimi mwenyewe.

Chapa ya pili ilitoka Ijumaa. Juu: Mtunzi, Nyamusi Okari, miaka saba. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: Pumzi iliyo katikati ya neno si kosa la chapa. Vuta hapo.

Nyangau alirudisha vijitabu vyake vyote, kama alivyoahidi. Muhuru Bay walichukua. Magunga wakachukua. Huko Karungu nilialikwa kuwasikia, nikaenda, nikaketi mbele na sikuanguka.

Kuanzia siku ile wakaanza kuniita Mama Nyamusi.

Lakini kulikuwa na bei. Kwa vile sasa nilijua, wimbo ulikataa. Nikitia mikono kwenye unga ninajisikiliza, na mtu akijisikiliza haimbi. Mwaka ukapita, wa pili ukapita. Wateja walikula mandazi yao kimya, na mimi nikafikiri, basi, nimemtoa kwangu nikampa watu, amekwenda.

Mwaka wa 1998, mvua za Aprili, nilikuwa ninakanda nikiwaza bati linalovuja juu ya meza ya pili. Hilo tu.

Nikainua macho.

Mzee Onyango alikuwa amesimamisha kijiko hewani. Uji unadondoka kwenye shati lake na hana habari.

Sikumuuliza kitu. Nikainamisha kichwa, nikaendelea kukanda, nikiwaza bati kwa nguvu zangu zote.

Wajukuu zangu mnaosoma hapa, somo langu ni dogo. Ukimkuta mtu anaimba na hajui anaimba, usimsifu, usimrekebishe, usimuulize ni wimbo gani. Kuna mtu yeye anamvusha. Wewe tulia mpaka wafike.